Mpenzi Dodoma, Printa Dar

Karatasi unayoituma ukiwa mbali inaweza kutokea sebuleni kwenu ndani ya dakika chache. Raha iliyoje! Lakini printa iliyounganishwa na intaneti ni kama ufunguo wa ziada wa nyumba. Kabla hujautoa, kubalianeni nani anaushika.

Mapenzi ya mbali yana mambo yake. Kuna bando, kuna nauli, kuna zile simu za saa tatu usiku za "umekula?" ambazo kila mmoja anajua jibu lake. Halafu kuna kitu ambacho hakuna aliyekutajia kwenye kicheni pati wala sendofu: makaratasi.

Fomu ya shule inatakiwa kesho asubuhi. Mkataba wa pango unaisha wiki hii na mwenye nyumba hataki kusikia habari za simu, anataka karatasi mkononi. Fundi anasubiri mchoro wa kabati la jikoni. Mwalimu katuma kazi ya nyumbani kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, kurasa sita nzima, na namba iliyo kwenye kundi hilo ni ya baba. Baba mwenyewe yuko Dodoma.

Hali hii si ngeni kwetu. Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kuwa Serikali inahamia Dodoma, wafanyakazi walianza kufungasha. Wapo waliohama na familia nzima. Wapo waliotangulia wenyewe, wakamwacha mwenza Dar es Salaam kwa sababu ya kazi yake, shule za watoto au nyumba ambayo bado inajengwa. Treni ya SGR, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, imepunguza machungu, maana Ijumaa jioni mtu anaweza kuwahi nyumbani. Lakini hata treni iwe ya kasi namna gani, hutapanda treni kwa ajili ya kurasa mbili.

Hapo ndipo printa ya nyumbani inapoingia. Printa nyingi zenye Wi-Fi zinazouzwa siku hizi zina uwezo ambao wenye nazo wengi hawajawahi kuugusa: kupokea kazi kutoka popote penye intaneti. Uko ofisini Dodoma, au kwenye semina Arusha, au umemfuata dada yako Muscat kwa mwezi mmoja, unatuma faili, na kule nyumbani printa inaamka yenyewe na kuanza kutema karatasi. Wala si uchawi.

KWANI STESHENARI IMEKOSA NINI?

Swali zuri, na jibu ni kwamba haijakosa kitu. Steshenari ya pale kituoni imetuokoa wengi, na itaendelea kutuokoa. Kama unachapa karatasi tano kwa mwezi, huna haja ya kununua printa, acha pesa yako ifanye mengine.

Lakini hebu fikiria tunavyofanya. Unafika, unaambiwa "tuma kwenye namba hii ya WhatsApp". Unatuma. Kijana anachapa, unalipa, unaondoka na karatasi yako. Faili je? Limebaki. Nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, taarifa yako ya benki ya miezi sita, majibu yako ya hospitali, vyote vimebaki kwenye simu ya duka na kwenye kompyuta ambayo kila mteja anayekuja na flashi anaigusa. Si lazima yule kijana awe mtu mbaya. Ni kwamba tu hakuna anayekumbuka kufuta.

Nchi imeshaliona jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Majirani zetu Kenya walitunga ya kwao mwaka 2019. Sheria ni ngao nzuri, ila ngao ya kwanza ni wewe mwenyewe kuamua karatasi zipi hazistahili kupita mikononi mwa watu. Kwa wanandoa wenye mikataba, mikopo na vyeti vya watoto, karatasi hizo si chache.

INAFANYAJE KAZI?

Usiogope, hatutaingia kwenye uhandisi. Watu wengi wanadhani faili linasafiri moja kwa moja kutoka kwenye simu yako hadi kwenye printa, kama mpira wa pasi. Sivyo. Katikati kuna mtu wa tatu: seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni iliyotengeneza printa.

Printa ikiwashwa na kupata Wi-Fi, yenyewe ndiyo inapiga hodi kwenye seva ile na kusema, "Nipo, kuna kazi yangu?" Wewe ukituma faili, linakwenda kwenye seva. Seva inaligeuza liwe katika lugha ambayo printa inaielewa, kisha inaikabidhi. Ndiyo maana njia hii inafanya kazi hata kama nyumbani mnatumia rauta ndogo ya laini ya simu. Printa ndiyo inayotoka kwenda nje, hakuna anayelazimika kuingia ndani.

Wazo lenyewe lina umri sasa. Juni 2010 kampuni ya HP ilitangaza printa ambazo kila moja ilikuwa na anwani yake ya barua pepe. Unaituma barua kwa printa kama unavyomtumia mtu. Mwaka huohuo Google nao walitangaza huduma yao ya Cloud Print, ambayo ilipendwa sana na watu wa ofisi. Lakini Desemba 31, 2020 Google waliifunga moja kwa moja, na waliokuwa wameitegemea wakaanza kuhangaika upya. Somo lake ni hili: huduma ya mtu wa tatu ni ya mtu wa tatu. Leo ipo, kesho anaweza kuifunga. Usiifanye njia yako pekee.

Na hapa tuondoe mkanganyiko mmoja. Ile AirPrint ya kwenye iPhone, iliyokuja mwishoni mwa 2010, ni kwa ajili ya simu na printa zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani. Ukiwa kitandani na printa iko sebuleni, inakubali. Ukiwa Dodoma, peke yake haikusaidii. Watu wengi wanajaribu, wanashindwa, wanasema printa ni mbovu. Printa haina kosa.

NJIA NNE, CHAGUA YAKO

Ya kwanza: barua pepe. Epson wana huduma inayoitwa Epson Connect, na ndani yake kuna Email Print. Unaiunganisha printa na Wi-Fi, unaisajili kwenye akaunti, nayo inapewa anwani yake. Anwani ya mwanzo huwa ndefu na ya ajabu, lakini unaruhusiwa kuibadilisha iwe rahisi kukumbuka. Baada ya hapo unaandika barua pepe, unaweka kiambatisho cha PDF, Word au picha, unatuma. Uzuri wake ni kwamba hata mtu asiyejua kompyuta anaweza. Mama mkwe anayejua kutuma barua pepe tayari anajua kuprinti.

Ya pili: programu ya simu ya kampuni yenyewe. HP, kwa mfano, wana kipengele kinachoitwa Print Anywhere kwa baadhi ya printa zao. Unaingia kwenye akaunti yako ukiwa popote, unachagua faili, unabonyeza. Hii inakupa nafasi zaidi ya kuchagua: rangi au nyeusi, nakala ngapi.

Ya tatu: kuiendesha kompyuta ya nyumbani ukiwa mbali. Programu kama Chrome Remote Desktop au AnyDesk zinakuwezesha kuiona kompyuta yenu ya nyumbani kwenye kioo cha simu yako, kufungua faili na kuamuru printa. Faida yake ni kwamba inafanya kazi hata na ile printa yenu ya zamani inayotumia waya wa USB. Hasara yake ni kwamba kompyuta lazima iwe imewashwa, na aliyeingia anaiona kompyuta nzima, si printa tu. Hili tutalirudia.

Ya nne: njia ya siri ya mtandao, ile inayoitwa VPN. Hapa simu yako inajifanya kama iko nyumbani, hivyo printa inaonekana kama kawaida. Ni njia salama sana ikitengenezwa vizuri, lakini mwiteni fundi anayeijua. Rauta nyingi za laini ya simu hazina anwani yake binafsi kwenye intaneti, maana kampuni za simu huwachanganya wateja wengi kwenye anwani moja, kwa hiyo VPN ya kawaida inaweza kugoma. Zipo programu kama Tailscale zinazozunguka tatizo hilo, ila zinahitaji kifaa kimoja nyumbani kinachobaki kimewashwa.

Na kuna ya tano, isiyohitaji kitu: unamtumia mwenza faili kwenye WhatsApp, yeye aliye nyumbani anachapa kutoka kwenye simu yake. Usicheke! Kwa nyumba nyingi hii ndiyo inayotosha. Zile nyingine ni kwa ajili ya siku ambayo mwenza yuko kazini na aliyeko nyumbani ni bibi na watoto.

KABLA HUJATOA PESA YAKO

Uko dukani Kariakoo, muuzaji anakuambia "hii ina kila kitu, bosi". Muulize maswali manne.

Je, ina Wi-Fi yake, au ni ya waya wa USB tu? Zipo mbili zinazofanana kwa sura, moja ina Wi-Fi nyingine haina, na tofauti iko kwenye herufi au namba moja ya modeli.

Je, ina huduma ya kuchapa kutoka mbali? Wi-Fi peke yake si jibu. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, andika namba ya modeli, uhakikishe kabla hujalipa. Dakika tano hizo zitakuokoa na kelele za wiki nzima.

Je, ni ya matangi au ya katriji? Printa za matangi, ambazo Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010 na leo HP, Canon na Brother wote wanazo, ni ghali zaidi siku ya kununua, lakini wino wake unadumu kuliko katriji ndogo. Kwa familia yenye watoto wa shule, zinajilipa. Ila printa yoyote ya wino wa maji haipendi kukaa muda mrefu bila kazi, wino hukauka kwenye vitundu vyake. Chapeni hata ukurasa mmoja wa rangi kila wiki.

Je, ina masharti? Baadhi ya printa za HP zilizouzwa chini ya mpango wa HP+, ulioanza 2020, zinataka intaneti muda wote na wino halisi wa HP peke yake. Si vibaya, mradi ujue unachokubali. Soma boksi.

UMEME, RAUTA NA KARATASI

Sasa tuwe wakweli. Printa hii ya ajabu inategemea vitu vitatu vya kawaida sana. LUKU ikiisha, hakuna kitu. Bando la rauta likiisha, hakuna kitu. Karatasi zikiisha, au yule mdogo wa miaka minne akizichukua kuchorea, hakuna kitu.

Ukituma kazi wakati printa imezimwa, kuna mambo mawili. Kulingana na huduma, kazi inaweza kufutwa baada ya muda, au inaweza kusubiri na kutoka printa ikiwashwa. Ndiyo hapo mtu anabonyeza mara tano kwa hasira, umeme unarudi saa nane usiku, na nyumba nzima inaamshwa na nakala tano za fomu ileile. Ukituma mara moja, tulia, piga simu uulize.

Jambo jingine dogo linalosumbua wengi: printa nyingi za bei ya kawaida zinaelewa Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz tu. Kama rauta yenu imewekwa kwenye 5 GHz pekee, printa haitaiona kabisa hata uisogeze karibu vipi. Iwekeni rauta itoe yote mawili.

USIACHE MLANGO WA NYUMA WAZI

Novemba 2018 printa takribani 50,000 sehemu mbalimbali duniani zilianza kuchapa zenyewe. Karatasi zilizotoka zilikuwa na ujumbe wa kuwashawishi watu wajiunge na chaneli ya YouTube ya PewDiePie. Aliyefanya hivyo hakuvunja nyumba ya mtu. Alitafuta tu printa ambazo wenyewe waliziacha wazi kwenye intaneti, bila neno la siri, akazituma kazi. Mwaka 2020 watafiti wa usalama wa mtandao nao walifanya jaribio kama hilo, wakazifanya printa karibu 28,000 zitoe karatasi ya kuwafundisha wenyewe jinsi ya kujilinda.

Waathirika wale walipata bahati. Walipoteza karatasi na wino tu. Kwa hiyo fundi akikuambia "nitakufungulia mlango kwenye rauta, printa ionekane nje moja kwa moja", mwambie asante, hapana. Tumia njia zile nne. Badilisha neno la siri la printa lililotoka kiwandani. Sasisha programu ya printa inapokuomba. Na kwenye huduma ya barua pepe, weka orodha ya wanaoruhusiwa kutuma, ili barua ya mtu mwingine yeyote ikataliwe. Bila orodha hiyo, kila anayeijua anwani anaweza kuchapa anachotaka sebuleni kwenu.

SASA TUZUNGUMZE NYINYI WAWILI

Hapa ndipo mafundi wanapomaliza kazi na sisi tunapoanza. Maana teknolojia ikishakaa sawa, kinachobaki ni watu, na watu ndio wagumu.

Simu yako ni yako. Ina neno la siri, iko mfukoni. Printa iko sebuleni. Kinachotoka kwenye printa kinatoka uso juu, mbele ya yeyote aliyepo. Printa za ofisini nyingi zinakusubiri uandike namba ya siri ndipo zitoe karatasi. Za nyumbani, nyingi hazina habari hiyo. Ukituma, zinatoa.

Chukua mfano wa mke anayetuma majibu yake ya vipimo vya uzazi kutoka kliniki ili ayakute nyumbani kwenye faili lake. Anafikiri nyumbani hakuna mtu. Kumbe mama mkwe kafika mchana na basi la Tanga. Karatasi inatoka, mama anaiokota, anaisoma, kwa sababu nani asingesoma? Jioni ile nyumba ina mazungumzo ambayo wenyewe wawili hawakuwa tayari kuyafanya. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Kilichokosekana ni simu ya nusu dakika: "Nani yuko nyumbani?"

Au chukua mume anayetuma barua ya kazi mpya, anataka kwanza aifikirie kabla hajamwambia mkewe. Dada wa kazi anaiweka mezani vizuri, pembeni ya chakula. Au mkopo ambao mmoja ameuchukua kimyakimya. Printa haijui kutunza siri, na tusiilaumu. Kama karatasi ni ya kukufanya uombe isionekane na mwenza wako, shida haiko kwenye printa.

Upande mwingine nao upo. Akaunti ya printa inaweza kuonyesha orodha ya kazi zilizochapwa, pamoja na majina ya mafaili. Kwa mwenye wivu, orodha hiyo ni chakula. "Hii barua ya Jumanne saa tano ni ya nini?" Mkianza kuchunguzana kwa printa, mtahamia kwenye rauta, kisha kwenye simu, na mwisho wake mnaujua. Na ile njia ya tatu, ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, ni kali zaidi. Anayeweza kuingia kuchapa anaweza pia kusoma. Kama kompyuta ile ni ya mwenza wako, usiiunganishe bila yeye kujua. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu kimyakimya si mapenzi, ni upelelezi.

Halafu kuna wale waliochumbiana wakaachana. Mlinunua printa pamoja, mkaisajili kwa jina la mmoja, mkaachana vizuri au vibaya. Aliyeondoka bado ana akaunti. Bado anwani anaikumbuka. Miezi sita baadaye, uko na mtu mwingine sebuleni, printa inaamka na kutoa ukurasa mmoja wenye maneno matatu. Funguo za mlango ulibadilisha, hii ukaisahau. Mahusiano yakiisha, ondoa printa kwenye akaunti ya zamani, badilisha anwani yake na neno la siri la Wi-Fi. Ukiuza au kugawa printa, irudishe kwanza kwenye hali yake ya kiwandani.

MAMBO SABA YA KUKUBALIANA

Kaeni chini Jumapili moja, dakika ishirini zinatosha.

1. Akaunti iko kwa jina la nani, na neno la siri wanalijua nani? Jibu zuri ni wote wawili.

2. Nani wengine wanaruhusiwa kutuma? Shemeji? Mtoto aliye bweni? Mhasibu wa biashara yenu? Waandikeni kwa majina kwenye orodha, mwingine asiingie.

3. Kabla ya kutuma, piga simu au andika ujumbe. "Naprinti kurasa tatu, ziweke kwenye droo." Hii inapunguza nusu ya matatizo yote.

4. Karatasi zipi hazitumwi kamwe bila mmoja wenu kuwapo? Za hospitali, za benki na za kazi ziwe juu ya orodha.

5. Printa ikae wapi? Chumbani au kwenye kona ya kusomea ni bora kuliko sebuleni karibu na televisheni. Wi-Fi inafika, macho ya wageni hayafiki.

6. Saa za kimya. Kuanzia saa tatu usiku printa izimwe. Mtoto mchanga na kelele ya printa havipatani.

7. Nani ananunua karatasi na wino? Mnacheka, lakini swali hili limeleta mdomo kwenye nyumba nyingi kuliko hayo mengine sita.

KARATASI HII SI ILE HALISI

Neno moja la tahadhari kwa wenye haraka. Printa ya mbali inaleta nakala. Ukisaini mkataba Dodoma, ukaupiga picha na kuutuma utoke Dar, kinachotoka ni picha ya saini yako. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua saini za kielektroniki, lakini hiyo haina maana kwamba kila dirisha la ofisi litaipokea picha ya saini. Zipo ofisi zinazotaka wino wenyewe na muhuri wenyewe. Ulizeni kabla, ili mwenza asipange foleni tangu asubuhi kisha aambiwe arudi na nakala halisi.

Na msisahau kwamba barabara hii ina pande mbili. Printa nyingi za nyumbani zina skana juu yake. Mtoto akimaliza kazi yake, mama anaiweka kwenye kioo, inaskaniwa na kutumwa kwenye barua pepe ya baba. Usiku uleule baba anasahihisha hesabu kutoka chumba chake cha kupanga. Hayo ndiyo malezi ya siku hizi, na si haba.

NA MAPENZI JE?

Umefika mwisho wa makala ya printa kwenye gazeti la mapenzi, unastahili zawadi. Siku hizi ujumbe wa simu umekuwa rahisi mno. "Nakupenda" inaandikwa kwenye foleni ya mafuta na kusomwa kwenye daladala, kisha inazama chini ya picha za vichekesho. Karatasi haizami. Inabandikwa kwenye kioo, inawekwa ndani ya Biblia au Msahafu, inakutwa tena baada ya miaka mitatu.

Kwa hiyo siku moja asubuhi, si siku ya kuzaliwa wala siku ya wapendanao, siku ya kawaida tu kama Jumatano, mwandikie mwenzio ukurasa mmoja. Uandike kwa mkono, uupige picha vizuri, uitume printa ya nyumbani saa kumi na mbili na nusu, wakati anachemsha chai. Atasikia ile sauti. Atafikiri ni fomu nyingine ya shule.

Hakikisha tu mama mkwe hajafika kutoka Tanga. Kazi kwenu!